Siti gani itanivusha kilomita 90 bila kufa ganzi?

KakaWaHimo (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wenye aibu wauruke uzi huu mapema, maana humu tutataja viungo vya mwili kwa majina yake.

Nina baiskeli ya mbio, fremu ya alumini saizi 54, mtumba wa Ujerumani. Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa Jumapili tu, natoka na washkaji, tunakunywa chai, tunarudi. Sasa shetani wa triathloni amenipanda. Nimejiandikisha ile nusu ya Ironman ya Rubavu, Rwanda: unaogelea Ziwa Kivu kilomita 1.9, unapanda baiskeli kilomita 90, unamalizia na kukimbia kilomita 21. Kwenye maji nitajikongoja. Kukimbia sina hofu. Kinachoninyima usingizi ni siti.

Mazoezi marefu natoka Moshi mjini mpaka Himo, nakunja kulia njia ya Dar, naenda mpaka Mwanga na kugeuza. Ukishaiacha Himo barabara inanyooka na upepo unakupiga kifuani, kwa hiyo nilifunga erobaa, zile fimbo mbili za mbele ambazo unaegemeza viwiko na kulala juu ya usukani. Mpaka Himo, mikono ikiwa kwenye breki, sina shida ya kusimulia. Nikishalala kwenye erobaa, kabla sijafika hata Kifaru msamba umekufa ganzi. Nikisimama kwenye pedeli damu inarudi na sindano zake. Jioni nikienda haja ndogo nahisi nimeshika mali ya mtu mwingine. Mke wangu kaniuliza, kwa upole kabisa, kama ule mpango wa mtoto wa tatu bado upo.

Juu ya hayo nina mchubuko ndani ya paja la kushoto, palepale kila mara, na chini ya tako hilohilo kuna kijipu kinachokuja na kuondoka.

Siti iliyokuja na baiskeli ni nyembamba na ngumu. Nikanunua pana yenye jeli kwenye duka moja mjini, muuzaji akaniapia kwamba hiyo hata bibi harusi anaipanda na gauni lake. Siku ya kwanza raha tupu. Baada ya hapo ganzi ikawa inakuja mapema kuliko zamani. Nikaivalisha na kifuniko cha jeli juu yake, ndiyo ikaharibika kabisa.

Sasa naomba kujua: zile siti zisizo na pua ninazoziona kwenye picha za Ironman ni dawa kweli au ni biashara? Na je, ipo siti moja itakayonifaa nikikaa wima Jumapili na wenzangu na pia nikilala kwenye erobaa? Uwezo wa baiskeli mbili sina. Bajeti ni laki mbili na nusu, tena nikijikamua. Nina kilo 74, kimo sentimita 176, na ni mwanamume, kama haijaeleweka.


BwanaKokoto

Pole mkuu. Sisi tulianza na baiskeli za Swala, tena na mzigo nyuma, na tumefika. Makalio yanakomaa, yape mwezi. Mambo ya siti za kuchonga waachie wenye pesa zao.


FundiSpoku (Mwananyamala, Dar)

Mkuu KakaWaHimo, hapo juu usimsikilize Bwana Kokoto. Ngozi na misuli ya tako vinakomaa, hilo kweli, na kila anayeanza lazima aumie kidogo wiki za mwanzo. Neva haikomai. Ganzi ya msamba ni mishipa iliyobanwa, wa damu na wa fahamu, na dawa yake ni kuiondolea mzigo. Ukiizoesha unaiumiza kimyakimya.

Nafunga na kufungua baiskeli tangu enzi za Phoenix na Avon. Siku hizi wateja wangu wengi ni hawa wa alfajiri, wanaokwenda njia ya Bagamoyo na kurudi kabla jua halijakaza. Naamini nusu ya siti za jeli zinazouzwa Dar zimepita mikononi mwangu zikielekea jalalani.

Elewa kwanza unakalia nini. Ukikaa wima, uzito unabebwa na mifupa miwili ya chini ya makalio, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la mbao. Hiyo imeumbwa kwa kazi hiyo. Ukiinama, nyonga inabingirika kwenda mbele, na uzito unaihama ile mifupa ya nyuma unafuata matawi ya mfupa yanayokwenda kinenani. Matawi hayo yanakaribiana kadiri yanavyokwenda mbele, na katikati yake ndipo mishipa inapita. Kwa hiyo wewe ukiwa umeshika breki unakalia sehemu moja, ukilala kwenye erobaa unakalia nyingine kabisa, juu ya siti ileile. Ndiyo maana mpaka Himo unacheka na baada ya Himo unalia.

Sasa jeli. Mfupa ukizama kwenye kitu laini, kile kilichosukumwa lazima kiende mahali. Kinapanda katikati, kinasukuma msamba juu. Dukani unabonyeza kwa dole gumba unasema tamu hii, lakini dole gumba halikai juu yake saa tatu. Kifuniko cha jeli juu ya siti ya jeli ni kosa hilohilo mara mbili, na kinatembeatembea, kinakusugua. Kivue leo, mpe mtoto aweke kwenye kigoda.

Najua mtu ataniuliza: mbona babu alitoka Kibaha na Phoenix, gunia la mkaa nyuma, siti ya ngozi na springi, na hakulalamika? Kwanza alilalamika, hukuwepo. Pili, babu alikaa wima na usukani wake ulikuwa juu, kwa hiyo alikalia mifupa yake ya nyuma muda wote. Tatu, ile ngozi imevutwa kati ya mbele na nyuma, katikati ni hewa tupu, inafanya kazi kama kitanda cha kamba: inalegea pale ulipolala wewe. Brooks wa Uingereza wanazitengeneza tangu karne ya 19, B17 yao bado inauzwa, na wasafiri wa masafa marefu hawaiachi. Lakini kwa kulala kwenye erobaa usiiguse hata ukipewa bure. Pua ni ndefu na ngozi imekaza katikati palepale usipotaka kitu kikaze.

Kabla hujatoa hata shilingi, nataka namba kutoka kwako.

Ya kwanza ni upana wa mifupa. Tafuta boksi lenye mawimbi ndani, la maji ya chupa linatosha, kata kipande kinachokaa chini ya makalio. Kiweke juu ya ngazi ya saruji au kitu chochote kigumu. Vaa kaptula nyepesi, kaa, weka tofali chini ya nyayo ili magoti yapande juu kuliko nyonga, kisha inama mbele na uvute ngazi kwa mikono kujikandamiza. Ukiinuka utaona mashimo mawili. Kama hayaonekani vizuri, lalisha kipande cha chaki upitishe juu ya boksi, mashimo yatabaki na rangi yake. Pima kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya jingine, kwa milimita.

Ya pili ni urefu wa mguu. Egemea ukuta bila viatu, bana kitabu kigumu katikati ya miguu, kivute juu mpaka kikukaze kama siti inavyokaza, pima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Halafu nipe kimo cha siti kama ilivyo sasa: kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono inayoshika pedeli), ukifuata paipu ya siti, mpaka juu ya siti unapokaa.

Ya tatu, azima pima maji. Iweke juu ya siti kwa urefu, baiskeli ikiwa sakafu iliyo sawa, uniambie kiputo kimekwenda wapi.

Usiniandikie "iko sawa fundi". Namba.

Kuhusu zile zisizo na pua, si biashara tupu. Wamarekani wana taasisi ya serikali inayochunguza afya ya watu wakiwa kazini, NIOSH. Ilichunguza polisi wa doria za baiskeli, watu wanaokaa kwenye siti zamu nzima, na mwaka 2009 ikatoa ushauri wazi kwamba siti isiyo na pua inaupunguzia msamba mzigo na ganzi. Ila polisi anakaa wima. Wewe una mikao miwili, na hapo ndipo tutabishana ukishaleta vipimo.


MamaGia (Nairobi)

Fundi amesema vizuri, wacha niongeze upande wa sisi ambao hatuna tatizo la "mali ya mtu mwingine" lakini tunaumia vilevile. Kwa mwanamke ni nyama laini za mbele zinavimba na kuchubuka, na wengi wetu tunanyamaza kwa sababu fundi wa baiskeli ni mwanamume.

Mimi natumia ISM, ile ambayo pua imekatwa na mbele ziko pembe mbili zenye nafasi katikati. Kwenye erobaa sijapata kiti kingine kinachonibeba hivi. Nakalia zile pembe, katikati hakuguswi na kitu, namaliza sehemu ya baiskeli na naweza kukimbia nikiwa binadamu. Lakini lazima ujue namna ya kuifunga. Watu wanaitoa ya zamani wanaweka hii palepale, halafu wanasema ni mbaya. Kwa kuwa pua haipo na unakaa mbele kabisa ya kiti, wengi inabidi kiti kirudi nyuma kidogo na kishuke kidogo, ncha ikiangalia chini kiasi.

Ubaya wake sasa. Mbele ni pana, na mapaja yangu si ya mwanamitindo, kwa hivyo mwanzo ilinisugua vibaya. Dawa ikawa zile tai za plastiki ambazo mafundi wa umeme hufungia waya. Unazungusha kwenye zile pembe mbili, unakaza, zinakaribiana kidogo. Mkia wa tai ukate kabisa, na kifundo kiwe chini, la sivyo kitakuchora. Ubaya wa pili ni mlima. Nikishuka njia ya Magadi mpaka Olepolos hakuna neno, lakini kupanda kurudi Kiserian unakaa wima kwa muda mrefu, na hapo ISM inanichosha kuliko kiti cha kawaida. Sasa wewe wa Jumapili na wenzako, fikiria hilo.

Nilichofanya mimi ni kununua paipu ya pili ya kiti. Kila kiti kina paipu yake, kimefungwa moja kwa moja kwa mwinamo wake, sikigusi tena. Kila paipu ina alama ya utepe mahali pa kuishia kwenye fremu. Jumamosi jioni nafungua bolti moja, natoa hii, natia ile, naendelea kupika. Paipu ya alumini ya mtumba ni bei ndogo, muhimu kipenyo kilingane na fremu yako, milimita 27.2 haiingii mahali pa 31.6. Kimeandikwa kwenye paipu yenyewe, chini.

Na jambo la mwisho kwa dada zangu wanaosoma bila kuandika: acheni wembe. Kabla ya Olimpiki ya Rio 2016 timu ya baiskeli ya Uingereza ilikaa na wataalamu kuhusu vidonda vya siti vya wanawake, na moja ya waliyoambiwa ni kuacha kunyoa na kuchomoa nywele za huko chini. Zina kazi yake. Ukinyoa, zinaota kwa ndani, siti inazikandamiza, unapata kijipu. Hata wewe Kaka, kama unanyoa, umejibiwa.


KakaWaHimo

Nimeduwaa. Ahsanteni sana, na dada MamaGia, ndiyo, nilikuwa nanyoa. Niliona wanaume wa Tour de France wamenyoa miguu nikaunganisha mwenyewe mpaka juu.

Namba hizi hapa. Mifupa milimita 118, nimepima mara mbili, mwanangu alishika rula. Urefu wa mguu sentimita 82. Kimo cha siti, na kifuniko juu, 75.8. Pima maji nimeazima kwa jirani fundi uashi, kiputo kimekimbilia upande wa pua. Siti ya zamani nimeitoa stoo, upana wake wa nyuma ni milimita 130.


MamaGia

😂 Wanaume wa Tour wananyoa miguu, hawakusema wanaendelea.


FundiSpoku

Nimecheka mpaka mteja kaniangalia. Turudi kazini.

Chukua 82, zidisha kwa 0.883. Ni kanuni ya zamani, ya enzi za Greg LeMond, yule Mmarekani bingwa wa Tour, si msahafu, lakini inakuweka jirani na ukweli. Unapata 72.4. Wewe uko 75.8. Uko juu sentimita tatu na zaidi, na hizo hukuzipata kwa bahati mbaya: siti ya jeli ni nene kuliko ya zamani, ukaongeza na kifuniko, na paipu haikushushwa. Pedeli ikifika chini mguu haufiki vizuri, kwa hiyo nyonga inadondoka upande mmoja kuufuata. Yako inadondokea kushoto. Huo ndio mchubuko wako wa palepale, na hicho ndicho kijipu chako. Mwambie mtu apande nyuma yako na pikipiki akupige video kiunoni, utaona unavyocheza sindimba.

Kiputo kimekwenda kwenye pua, maana yake pua imenyanyuka. Mbele panakuchoma kutoka chini, na ukilala kwenye erobaa unajichoma mwenyewe. Hapo sihitaji kujua ni siti ya kampuni gani.

Sasa fanya hivi. Rudisha ile nyembamba ya zamani kwa muda tu, weka 72.5. Utajiona mfupi siku za kwanza, vumilia, magoti yakikuuma mbele pandisha milimita chache chache. Pua iwe sawa na pima maji, au iiname kidogo sana, digrii mbili hivi. Ukiinamisha zaidi utateleza mbele na mikono ndiyo itakufa ganzi badala ya msamba, utakuwa umehamisha msiba tu. Kama paipu yako ina bolti mbili, legeza moja robo mzunguko, kaza ya pili robo. Usifanye kwa pupa.

Na erobaa zako, naweka dau ziko chini sana na mbali sana. Vijana waliona wale wa Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli, wamelala wamekaa kwenye ncha kabisa ya pua, wanataka kulala vile. Evenepoel wa Ubelgiji alishinda ile ya kupanda peke yako dhidi ya saa, na alikuwa amemaliza kazi chini ya saa moja. Wewe Rubavu utakuwa juu ya siti saa tatu, labda zaidi, na bado unadaiwa kilomita 21 za kukimbia. Weka vipande chini ya pedi za viwiko, ziinue sentimita mbili au tatu, zivute karibu. Nyonga haitabingirika sana. Utapoteza kidogo kwa upepo, utapata zaidi kwa sababu utaweza kubaki humo. Anayeinuka kila dakika tano kujikuna hana faida ya upepo.

Kwa kulala, siti isogee mbele sentimita moja au mbili. Kila sentimita unayoisogeza mbele inyanyue kama milimita 3, maana ukisogea mbele unaisogelea krenki. Kama reli, zile fimbo mbili za chini ya siti, zimefika mwisho, tafuta paipu iliyonyooka, isiyo na mkunjo wa nyuma juu.

Siti yenyewe sasa. Mifupa 118, ongeza kama 20 au 25, unahitaji upana wa nyuma kwenye 143 hivi. Ile 130 ilikuwa inakuingia katikati ya mifupa, ndiyo maana uliiona ngumu. Ile ya jeli ilikuwa pana mno, inazuia paja. Hapa mimi na MamaGia tunaachana kidogo. ISM ni nzuri kwa mtu anayelala muda mrefu. Kwa mtu mwenye baiskeli moja na Jumapili ya kukaa wima, mimi naanza na siti fupi yenye uwazi mpana katikati. Kampuni ya Specialized walitoa siti yao ya Power mwaka 2015, ina urefu wa sentimita 24 wakati za zamani zilikuwa 27, 28. Fizik wana Argo. Na Wachina wametengeneza za sura hiyo nyingi kwa bei yako, na nimefunga nyingi, fremu yake ya chini ndiyo ya kuangalia, si maandishi. Pua fupi, uwazi katikati, unaweza kubingirika mbele bila kuchomwa. Kwa triathloni ya 90 wengi wanaridhika nayo. Kwa 180 ya Ironman kamili ningekaa kimya nimwachie MamaGia.

Mwisho, tairi. Una mtumba wa Ujerumani, naamini tairi ni za upana wa milimita 23 au 25 na unajaza mpaka pampu inagoma. Kama fremu inaruhusu weka 28, na kwa kilo 74 upepo wa psi 75 hadi 80 kwenye pampu unatosha kabisa. Lami ya kokoto ya hiyo njia yako inapanda kupitia paipu mpaka kwenye mfupa. Siti haiwezi kulipia deni la tairi.


MamaGia

Fundi, nakubali kwa asilimia tisini. Asilimia kumi zilizobaki ni zile paipu mbili, nitakufa nazo.


BwanaKokoto

Mimi nauliza tu, hiyo 0.883 na Swala inafanya kazi? Rafiki yangu anauliza.


FundiSpoku

Inafanya. Mwambie rafiki yako ashushe pua kwanza.


Mpemba_Matrah (Muscat)

Assalaam alaykum. Nimechelewa, lakini nyote mmezungumzia siti, hapana aliyezungumzia jasho, na ngozi haichubuki ikiwa kavu.

Hapa Muskati tunapanda baskeli kabla ya alfajiri, na hata saa hiyo kuna miezi kaptula unaikamua. Yale mashindano ya hapa ya 70.3, hiyo nusu ya Ironman, nimeyashuhudia watu wakishuka kwenye baskeli na damu, na siti zao za thamani. Sababu ni kuwa kwenye triathloni unatoka baharini umelowa, ukakalia pedi nyembamba ya kaptula iliyolowa, kisha kila kituo unajimwagia maji kichwani. Yale maji hayaishii kichwani, ndugu yangu. Yanateremka mgongoni mpaka kwenye pedi. Jimwagie kifuani na mikononi, mgongo uuache.

Chini ya kaptula ya baskeli usivae chupi. Wengi bado wanavaa, mshono wake ndio kisu. Paka krimu ya waendesha baskeli, kwenye ngozi na kwenye pedi, kabla ya kuingia majini. Vaselini inafaa kwa dharura, lakini inaganda kwenye kitambaa na haitoki vizuri ukifua. Ukimaliza usikae na wenzako kupiga soga na kaptula mbichi, vua, oga, vaa kikoi. Kaptula ifuliwe kila ukiivaa, ianikwe juani kwa ndani nje.

Na hicho kijipu usikikamue. Kipe siku kadhaa bila siti, kikande na maji ya moto. Kikizidi kuwa kigumu, kikawa na joto au homa ikaja, nenda hospitali. Na ganzi isiyokwisha mpaka kesho yake, kadhalika, mwone daktari usione haya.

Kwenye erobaa, kila dakika kumi simama kwenye pedeli ukihesabu mpaka ishirini. Hata aliye na siti bora.


KakaWaHimo

Wa alaykum salaam kaka, na shukrani. Yale ya maji mgongoni sikuwahi kuyafikiria.

Taarifa: nimerudisha siti ya zamani, 72.5, pua sawa, pedi za viwiko nimeinua kwa vipande vya mbao vya jirani. Ganzi bado ipo lakini nimeipita Kifaru nikiwa mzima, imeanza karibu na Mwanga. Paja halijachubuka. Mke wangu amemsalimia fundi.

Swali la mwisho. Kuna jamaa Arusha anauza siti fupi yenye uwazi, upana 143, mtumba, shilingi laki na elfu ishirini. Picha inaonyesha reli nyeusi, anasema ni kaboni, nyepesi sana. Nichukue?


FundiSpoku

Msalimie shemeji.

Usitume pesa bado. Reli za chuma ni za duara, milimita 7. Za kaboni nyingi zina umbo la yai, 7 kwa 9, na klempu, kile kibanio cha reli juu ya paipu ya zamani, imechongwa kwa ajili ya duara. Kama klempu yako inabana reli kwa pembeni, haitaingia sawasawa, na ukilazimisha itauma kaboni mpaka ipasuke ukiwa juu yake. Nyeusi pia si lazima iwe kaboni, kuna chuma kilichopakwa rangi. Mwambie agonge kwa kucha akutumie sauti, na apige picha ya maandishi chini ya siti na ya reli kwa karibu, hasa pale klempu ya zamani ilipokuwa inabana. Ukiona mstari mweupe au nyuzi, achana nayo.

Na kabla hujaifungua ya sasa, andika mahali: kimo, na umbali kutoka ncha ya siti mpaka katikati ya usukani. Siti fupi haina ile ncha, kwa hiyo usilinganishe pua kwa pua. Tafuta kwenye kila siti pale upana unapofika sentimita 8, pima kutoka hapo.


KakaWaHimo

Amegonga, imelia chuma. Kipimo cha kalipa kinasoma milimita 7. Anashuka nayo kesho na Coaster ya asubuhi.